Paa la nyuzi 0.46

Mjomba wangu ni seremala, karakana yake iko Majengo, Moshi, na kazi iliyompa jina ni kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Kwa zaidi ya miaka 20 amepiga mapaa bila kutaja pembe hata siku moja. Yeye husema "panda nusu": kila ukienda mita moja kuelekea katikati ya nyumba, unapanda nusu mita. Anapima mbao moja ya mfano chini, anaikata, anaijaribu, kisha zile nyingine zote zinafuata ile ya kwanza.

Mambo yalibadilika aliponunua mashine ya kukatia mbao, ile yenye sahani inayozunguka iliyochorwa nyuzi za pembe. Sahani haijui "panda nusu". Inataka namba. Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza chuo, natafuta kazi, na jioni nilikuwa najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptopu ya kuazima. Nikamwambia, "Mjomba, nitakuandikia programu. Wewe utaingiza upana wa nyumba na kimo cha kenchi, yenyewe itakupa nyuzi." Akafurahi sana. Akaniita mhandisi mbele ya vijana wake wawili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na upana wa mita 8, na kenchi inasimama mita 2 katikati. Nusu ya upana ni mita 4, kwa hiyo mpando ni 2 kwa 4, yaani 0.5, na hiyo ndiyo tanjenti ya pembe ya paa. Kidato cha pili kila mmoja wetu alifundishwa kwamba ukiwa na tanjenti na unataka pembe, unarudi nyuma: unatafuta pembe ambayo tanjenti yake ni 0.5. Kwenye moduli ya math ya Python kazi hiyo inafanywa na fanksheni inayoitwa atan. Nikaipa 0.5, programu ikaandika kwa herufi nzuri kabisa: Mteremko wa paa ni nyuzi 0.46.

Mjomba akainama juu ya ile sahani, kidole kwenye alama ya sifuri, halafu kwenye ya kwanza.

"Sahani yangu inaanza sifuri, inakuja moja. Hiyo sifuri nukta arobaini na sita niiweke wapi?"

Nikamwambia iko kati ya hizo mbili. Akanitazama kwa upole, maana si mtu wa kugomba.

"Mjomba, hilo si paa, hiyo ni sakafu. Masika ikija, maji yatalala humo mpaka Juni."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nilikuja kupiga hesabu baadaye: paa la nyuzi 0.46 kwa urefu wa mita 4 linapanda sentimita 3 tu. Na sisi tulikuwa tunazungumzia mita 2.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilihakiki ile hesabu mara nyingi, nikiamini nimekosea kugawanya. Sikuwa nimekosea popote. Namba 0.4636476 ilikuwa sahihi, ila haikuwa nyuzi. Ilikuwa radiani.

Shuleni tulikulia kwenye nyuzi. Kitabu cha majedwali ya hisabati, kile chenye kurasa zilizojaa namba ndogondogo, kimepangwa kwa nyuzi na dakika; unashuka na kidole mpaka 26, unaenda kulia mpaka dakika zako, basi. Radiani tulikutana nazo baadaye, waliosoma hisabati za juu, na hata huko wengi tulizichukua kama desturi ya kitabu. Ndiyo maana nilipoona 0.46 akili yangu ilibandika neno "nyuzi" pembeni yake bila kuuliza. Fanksheni haikuniambia ni nyuzi. Neno hilo nililiandika mimi kwa mkono wangu ndani ya ule mstari wa kuchapisha jibu.

Kesho yake nilirudi karakanani. Sikutaka kubadilisha programu kimyakimya. Nilitaka mjomba aone namba ile ilikuwa inasema nini. Nikachukua mfuniko wa ndoo ya rangi ya lita 20, nikatafuta katikati yake, nikavuta uzi kutoka hapo hadi ukingoni na kuukata. Halafu nikaulaza ule uzi juu ya ukingo wenyewe, ukifuata mviringo, nikaweka alama mwanzo na mwisho wake. Nikachora mistari miwili kutoka alama hizo hadi katikati. Tukaweka kipimapembe: 57 na ushee.

"Hiyo ni radiani moja, mjomba. Uzi wenye urefu wa kutoka katikati hadi ukingoni, ukilazwa ukingoni."

Akauchukua uzi mkononi mwangu akaendelea mwenyewe kuzunguka mfuniko. Moja, mbili, tatu. Ukaingia mara 6, na kikabaki kipande kisichofika theluthi ya uzi. Akaniuliza, mfuniko ukiwa mdogo je? Akaenda kutafuta kopo la gundi, akakata uzi mwingine kwa kipimo cha kopo lile, akazungusha. Mara 6, na kipande kilekile. Tangu siku hiyo sijapata tena shida kueleza radiani, kwa sababu nimeona mtu aliyeishia darasa la saba akiigundua mwenyewe kwa uzi na kopo. Ukubwa wa duara hauna neno, zinaingia 6.28, mara mbili ya pai. Duara zima ni nyuzi 360, kwa hiyo radiani moja ni 180 ukigawa kwa pai, yaani nyuzi 57.2958.

Tukachukua simu tukazidisha 0.4636 kwa 57.3. Ikatoka 26.56. Mjomba akazungusha sahani mpaka 26 na nusu, akakata vipande viwili vya mbao chakavu, akavikutanisha juu ya benchi. Vikabusiana bila mwanya.

Nataka nikae kidogo kwenye swali alilouliza kijana wake mmoja pale pale, maana ni swali la haki: kwa nini waliotengeneza Python wasitoe nyuzi moja kwa moja, wakati fundi, rubani na mpima ardhi wote wanatumia nyuzi? Nilimjibu baada ya siku mbili, nilipokuwa nimelielewa mwenyewe. 360 ni urithi tu. Watu wa Babeli ya kale walihesabu kwa sitini, na sisi tumebaki na dakika 60 na duara la 360. Radiani haikuchaguliwa na mtu namna hiyo. Jina lake lenyewe ni changa, lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1873 kwenye maswali ya mtihani aliyotunga James Thomson huko Belfast, lakini kitu chenyewe kinajitokeza hata usipokiita. Chukua 0.5. Toa 0.5 × 0.5 × 0.5 ukigawa kwa 3. Jumlisha 0.5 tano zilizozidishwa pamoja ukigawa kwa 5. Toa 0.5 saba zilizozidishwa pamoja ukigawa kwa 7, na kuendelea hivyo hivyo. Mimi nilifanya kwa kalamu:

0.5
0.45833
0.46458
0.46347
0.46368
0.46364

Unaona inavyoyumba huku na huku ikikaribia 0.46365. Ndani ya hesabu ile hakuna pai, hakuna 360, hakuna 180. Ni kugawanya, kujumlisha na kutoa tu, na kilichotoka ni radiani. Kompyuta hutumia njia za haraka zaidi kuliko hii, lakini asili ni hiyo: nyuzi ndizo zinazohitaji hatua ya ziada, na hatua hiyo wengi wa watengenezaji wa maktaba wamemwachia mtumiaji. Kwenye math ya Python unapitisha jibu kwenye fanksheni ya degrees. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, nayo ina degrees, na rad2deg inayofanya kazi ileile. Excel ina DEGREES. MATLAB na Julia, lugha nyingine za kompyuta, wametoa kabisa asind, acosd na atand, zinazorudi nyuma kutoka saini, kosaini na tanjenti hadi pembe, ambapo ile d ya mwisho inamaanisha jibu ni nyuzi. Lugha ya Fortran imeziingiza kwenye kiwango chake rasmi cha mwaka 2023. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu bora, jina lenyewe likutajie kipimo.

Kosa la paa lilijifichua kwa sababu 0.46 ilikuwa kichekesho kwa macho ya fundi. Lililofuata halikujifichua, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jirani yetu, Maalim, alikuwa anajenga chumba kidogo cha kusalia kwenye kiwanja chake. Alisikia kwamba nina programu ya pembe. Akaja jioni, nikamwamkia, akaniambia, "Mwanangu, naomba unipigie hesabu ya kibla kabla sijachimba msingi. Ukuta ukishasimama hausogei." Nililichukua jambo lile kwa uzito. Nilisoma kanuni yake: unahitaji latitudo na longitudo za Moshi na za Makka, unapita kwenye saini, kosaini na tanjenti, mwisho unarudi nyuma kwa atan kupata pembe kutoka kaskazini. Moshi iko takriban nyuzi 3.35 kusini na 37.34 mashariki; Makka 21.42 kaskazini na 39.83 mashariki. Safari hii nilikuwa macho. Nilijua saini ya Python inataka radiani, nikazibadili namba zote nne kabla ya kuziingiza. Nikaridhika kwamba habari ya radiani nimeshaimaliza mlangoni.

Jibu likatoka 0.1.

Nikamwambia Maalim kibla ni kaskazini kabisa. Nani angetilia shaka? Sote tunajua Makka iko juu huko kaskazini, na ukisimama Moshi ukatazama kaskazini, Kibo kiko mbele yako. Niliupata mstari wa kaskazini kwa kijiti na kivuli, alama ya asubuhi na alama ya alasiri zenye urefu sawa, nikapiga vigingi na kufunga kamba. Maalim akanishukuru, akataka kunipa pesa, nikakataa.

Aliyetuokoa ni jua. Maalim alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikukijua: kuna siku mbili kwa mwaka ambapo jua linapita wima juu ya Kaaba, karibu na Mei 28 na Julai 16. Siku hizo, kwa saa ile, popote jua linapoonekana, liko upande wa Makka. Saa za Saudia na zetu ni moja, kwa hiyo Julai ni saa 6 na dakika 27 mchana. Akasema tusubiri siku hiyo, si kwa sababu haniamini, bali moyo wake utulie. Moshi ya Julai unaijua, ubaridi na mawingu yaliyolala. Tulisimama pale watu wanne tukitazama juu. Dakika chache kabla ya wakati wingu likapasuka. Kijiti cha mita moja kikatupa kivuli kifupi, kama sentimita 46, na Maalim akanyoosha kamba juu ya kivuli kile kuelekea lilipo jua.

Kamba yake na yangu hazikulala pamoja. Zilianzia kigingi kimoja, na kwenye mita 6, urefu wa ukuta wake, zilikuwa zimeachana zaidi ya nusu mita. Yake ilikuwa imeelemea mashariki.

Nilikimbia nyumbani. Nilipoifungua programu niliona kabla hata ya kukaa. Namba zilizoingia nilizibadili, ile iliyotoka sikuibadili. 0.0962, niliyoiruhusu ijikate kuwa 0.1, ilikuwa radiani. Ni nyuzi 5.5 mashariki mwa kaskazini. Tofauti ya nyuzi 5.5 kwenye mita 6 ni sentimita 58, ambazo ndizo tulizoziona kwenye udongo. Nilirudi nikamwambia Maalim wazi kwamba kosa ni langu na kosa lenyewe ni lipi. Akasema alhamdulillahi, msingi bado. Tuling'oa vigingi pamoja.

Nimelifikiria sana hilo. Radiani na nyuzi zote mbili huandikwa kama namba tupu, na pembe inapokuwa ndogo jibu baya linafanana na jibu zuri. Tangu hapo ndani ya programu zangu hakuna kitu kinachoitwa "pembe". Kuna pembe_rad na pembe_nyuzi, na kubadili kunafanyika ndani ya fanksheni ileile iliyokokotoa, si kwenye mstari wa kuchapisha. Na kabla sijampa mtu jibu, naipa programu kitu ninachokijua: atan ya 1 lazima inipe 45.

Hapo pia nilikutana na jambo dogo linalowasumbua wengi. Asin ya 0.5, yaani pembe ambayo saini yake ni 0.5, ukiipeleka kwenye nyuzi, haitoki 30. Inatoka 30.000000000000004. Mashine haina kosa hapo, inahifadhi pai na sehemu zake kwa tarakimu zenye kikomo. Lakini nilikuwa nimeandika sharti kwamba paa likizidi nyuzi 30 litoke onyo la kuongeza misumari ya bati, na onyo likawa linatoka kwa paa la 30 kamili. Zungusha namba kwanza, ndipo ulinganishe.

La mwelekeo lina mtego wake mwingine. Nilipotaka kupanua ile programu ya kibla ifanye mwelekeo wa mahali popote, nilijaribu Arusha kwenda Dodoma. Dodoma iko takriban kilomita 105 magharibi na 310 kusini mwa Arusha. Gawanya moja kwa nyingine, hasi kwa hasi zinafutana, atan inakupa nyuzi 18.7, yaani unaelekea Kenya. Kwa ajili hiyo kuna atan2, inayopokea namba mbili zikiwa zimetengana na kwa hiyo inaziona alama zake. Yenyewe ilitoa hasi 161.3; ukijumlisha 360 ni 198.7, kusini ukielemea magharibi kidogo, ndiko Dodoma iliko. Ila chunga mpangilio. Python inataka y itangulie, Excel inataka x itangulie, na jina ni lilelile. Dada yangu alihamisha hesabu yangu kwenda Excel neno kwa neno, na miji yake yote ikageuka.

La mwisho lilinikuta juu huko kwenye migomba, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha bibi mmoja aliyetaka kuzungushia senyenge. Upande mmoja wa shamba unafuata mfereji wa jadi, mmoja wa ile iliyochimbwa na wazee. Nilipima kwa tepi pande tatu: kigingi cha kwanza hadi cha pili mita 30, cha pili hadi cha tatu mita 40, na cha kwanza moja kwa moja hadi cha tatu. Kwa urefu wa pande tatu unapata kosaini ya pembe ya katikati, kisha acos inakupa pembe yenyewe.

Sasa, acos haipokei kitu kilichozidi 1 wala kilichopungua hasi 1. Hakuna pembe yenye kosaini kama hiyo. Niliwahi kuona programu ikizimika kwa sababu ya 1.0000000000000002, vumbi lile lile la tarakimu za mwisho, nikajifunza kuikata: kilichozidi 1 kifanye 1, kilichopungua hasi 1 kifanye hasi 1. Ushauri huo utaupata kila mahali, na kwa vumbi unafaa. NumPy isipokatiwa haizimiki hata kidogo, inakuachia neno nan, yaani "si namba", na kuendelea na safari, jambo ambalo naliona baya zaidi.

Siku ile programu ilitoa nyuzi 180, mstari ulionyooka. Nikachora ramani yangu safi, upande wa mfereji umenyooka kama rula. Nikampelekea bibi kibarazani. Aliisogeza mbali na macho, akaigeuza, akaniuliza mfereji ni upi. Nikamwonyesha.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nimeolewa hapa nikiwa binti. Mfereji huu haujanyooka hata siku moja. Pale kwenye mti wa mruka unapinda."

Nikafungua daftari. Umbali wa tatu nilikuwa nimeandika 76. Mita 30 na mita 40 haziwezi kuzaa 76. Hata zingenyooka kabisa ni 70. Kosaini ilikuwa hasi 1.365, namba isiyowezekana, na mkasi wangu uliikata kimya ikawa hasi 1, nyuzi 180. Programu ilijaribu kupiga kelele, mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Tulirudi shambani na tepi, mjukuu wake halisi akishika ncha ya upande wa pili, nikisoma namba kwa sauti naye akiirudia. Sitini na saba. Nilikuwa nimezigeuza tarakimu. Palepale chini ya mgomba nikabadili sharti: kilichovuka 1 au hasi 1 kwa chini ya sehemu moja ya bilioni kikatwe, kikivuka zaidi ya hapo programu isimame na kuandika "pima upya". Nikaingiza 67. Ikatoa 145.97, nikachora upya, na mpaka ukapinda pale kwenye mruka.